Je, "agitate" ni kuchochea? Jibu kwa mfasiri aliyerudishiwa rasimu

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka miwili tu katika kazi ya kufasiri. Hivi karibuni nilipewa kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza historia ya wafanyakazi wa bandari katika miaka ya 1940, na ndani yake mna sentensi hii: 'The dockers agitated for better pay.' Nikaandika: 'Wafanyakazi wa bandari walifanya uchochezi ili wapate mishahara bora.' Mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa wafanyakazi hao aliisoma rasimu, akanirudishia kwa uchungu na kuniambia kwamba nimemwita baba yake mhalifu. Kamusi yangu inatoa 'tikisa', 'koroga', 'sumbua' na 'chochea', zote kwa mkupuo mmoja. Rafiki yangu aliyesoma Kilatini seminarini ananiambia nisihangaike na kamusi, kwa kuwa neno hilo linatokana na 'agere', yaani kutenda, na kwa hiyo maana yake halisi ni kutenda tu. Je, mzee ana haki ya kukasirika? Rafiki yangu yuko sahihi? Nami niandike nini?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa rasimu iliyorudi. Nianze na lile linalokuuma zaidi: mzee ana haki ya kukasirika. Neno hukulibuni, maana "chochea" limo katika kamusi yako, lakini umeliweka katika sentensi isiyokuwa yake, na katika Kiswahili cha leo anayesema "uchochezi" ameshatoa hukumu kabla hajamaliza kueleza kilichotendeka. Rafiki yako naye ameshika kipande cha ukweli, ila kipande hicho hakitoshi kukutoa ulipokwama. Vumilia tuifuate safari ya neno hili tangu mwanzo, kwa sababu ukishaiona, zile maana nne za kamusi zitaacha kukuchanganya.

Kitenzi cha Kilatini "agere" kilianzia malishoni. Maana yake ya kale ni kuswaga: mchungaji yuko nyuma ya ng'ombe, fimbo mkononi, na wanyama wako mbele wakienda kwa sababu yeye anawasukuma. Kutoka hapo kikapanuka kikawa kuendesha, kisha kufanya jambo, kuendesha kesi barazani, kuigiza jukwaani, hata kuishi. Kwa hiyo rafiki yako anaposema "kutenda" hasemi uongo. Anataja maana iliyokuja baadaye na kuiacha ile iliyozaa nyingine.

Tena, "agitate" haikutoka moja kwa moja kwenye "agere". Ilitoka kwa mtoto wake, "agitare". Warumi walikuwa na mnyambuliko wa kitenzi uliokusudiwa kuonyesha kwamba tendo linarudiwa, ama kwa nguvu ama kwa mazoea. "Venire" ni kuja, na "ventitare" ni kuja mara kwa mara. "Dicere" ni kusema, na "dictitare" ni kusema na kurudia kusema. Vivyo hivyo "agere" ni kuswaga, na "agitare" ni kuswaga na kuswaga tena, kusukuma huku na huko pasipo kuacha. Mswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa sisi tunalifikia jambo lile lile kwa uradidi, yaani kulirudia neno au sehemu yake: aliyegonga mlango huenda aligonga mara moja, lakini aliyegongagonga tunajua alisimama pale kwa muda.

Ukitaka kuiona "agitare" kwa macho yako, katazame mama wa kifugaji akisuka maziwa. Kibuyu kimetiwa maziwa yaliyoganda, hakikujaa hadi juu kwa sababu maziwa yanahitaji nafasi ya kuchezea, mdomo umezibwa, nacho kimelazwa juu ya mapaja. Anakisukuma na kukirudisha, anakisukuma na kukirudisha, na mwanzoni husikii ila kimiminika kikigonga ubavu wa kibuyu. Baada ya muda mrefu sauti inabadilika, inakuwa nzito na ya kukatikakatika, kwa sababu chembe za mafuta zilizokuwa zimetawanyika ndani ya maziwa zimegongana mara nyingi hadi zikashikana na kuwa bonge la siagi. Msukumo wa kwanza haukuleta kitu, wala wa kumi, na pengine wa mia moja bado. Kiini cha neno lako ni huko kutokoma. Kitakufaa sana tutakapofika kwa wafanyakazi wako wa bandari.

Warumi wenyewe walilitumia neno hili katika mambo mengi. Upepo ulipoisukasuka bahari, walisema "agitare". Mwindaji alipomfukuza mnyama, walisema "agitare". Dereva wa gari la kukokotwa na farasi katika viwanja vya mashindano aliitwa "agitator", na hilo lilikuwa jina la kazi lenye heshima kubwa. Tunayo maandishi ya jiwe la karne ya 2 yanayomtaja Gaius Appuleius Diocles, mzaliwa wa Lusitania, eneo ambalo kwa sehemu kubwa leo ni Ureno. Jiwe hilo linamwita "agitator" wa kikosi cha wekundu, mojawapo ya timu za mashindano hayo, na linahesabu kwamba katika miaka 24 alishiriki mashindano 4,257 na kushinda 1,462. Laiti ungemwambia Diocles kwamba yeye ni mchochezi, asingekuelewa. Alikuwa mwendeshaji farasi, mtu wa kuwahimiza wanyama kwa hatamu na mjeledi mzunguko baada ya mzunguko.

Na matumizi hayo hayakuishia nje ya mwili. Kulizungusha wazo kichwani, kuligeuza upande huu na upande ule, nako kuliitwa "agitare". Kutokana na neno hilo, likiongezwa kiambishi chenye maana ya "pamoja", wakapata "cogitare", yaani kufikiri. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliueleza uhusiano huo katika kitabu chake kiitwacho Maungamo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: kufikiri, kwake, ni kuzikusanya tena na tena fikra zilizotawanyika. Na ile kauli maarufu ya mwanafalsafa Mfaransa Descartes, "cogito, ergo sum", yaani nafikiri, kwa hiyo nipo, imebeba ndani yake kitenzi kile kile cha kusukasuka. Napenda sana jambo hili, na ninakutajia si kwa mapambo. Linaonyesha kwamba neno lenyewe tangu kale halina ubaya wala wema. Ubaya au wema hutoka kwa kile kinachosukwasukwa na kwa yule anayesimulia.

Waingereza walilichukua katika karne ya 16, wakitumia umbo la Kilatini "agitatus", yaani kilichokwisha kusukwasukwa, wakalifanya kitenzi chao. Mwanzoni lilibaki karibu na Kilatini: kutikisa, kuhangaisha moyo, na pia kulijadili jambo kwa kulirudia mara nyingi mbele ya watu. Maana hii ya mwisho ndiyo mlango ambao siasa iliingilia. Anayelirudia jambo moja barazani leo, kesho na keshokutwa, hatimaye halisukumi jambo peke yake. Anawasukuma na wanaosikiliza.

Mwaka 1647, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uingereza kati ya Mfalme na Bunge, askari wa jeshi la Bunge walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara yao. Vikosi vikachagua wawakilishi wa kuwasemea, na wawakilishi hao wakaitwa "agitators". Mnamo Oktoba mwaka ule wakaketi Putney, karibu na London, wakajadiliana na makamanda wao akiwamo Oliver Cromwell, na mjadala ukavuka mishahara ukafika kwenye swali la nani ana haki ya kupiga kura. Tazama jinsi tukio hilo linavyofanana na kijitabu chako: watu wa kazi ngumu, mishahara isiyotosha au isiyolipwa, na wenzao waliotumwa kusema. Wale askari waliwachagua "agitators" wao kwa kura zao wenyewe. Walioliona neno hilo kuwa la kuogofya ni wale waliokuwa wanadaiwa.

Tangu hapo neno limekuwa na nyuso mbili, na kila upande unaushika uso wake. Tarehe 3 Agosti 1857, huko Canandaigua katika jimbo la New York, Marekani, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na akatoroka, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba wanaojidai kupenda uhuru huku wakichukizwa na "agitation" ni watu wanaotaka mazao bila kulima ardhi, na mvua bila radi na umeme. Ukiweka "uchochezi" katika hotuba hiyo, umemtia Douglass mdomoni maneno ya maadui zake.

Sasa nirudi kwa rafiki yako, kwa sababu kosa lake ni la watu wengi wenye elimu, nami nililifanya kwa miaka kadhaa. Asili ya neno inaeleza lilikotoka. Haituamrishi lilipo leo. Neno letu "ajenda" nalo ni mjukuu wa "agere", na maana yake kwa Kilatini ni mambo yanayopasa kutendwa, lakini hakuna katibu wa kikao anayesoma ajenda akiwaza kuswaga ng'ombe. Ukifasiri kwa kufuata mzizi peke yake, utaandika "Wafanyakazi wa bandari walitenda kwa ajili ya mishahara bora", sentensi isiyomuudhi mtu wala kumwambia mtu kitu.

Hata hivyo, kuna njia ambayo mzizi unaweza kutusaidia, nayo imo nyumbani kwetu. Kiarabu kina mzizi wenye maana ya kusogea, kutotulia mahali pamoja. Kiswahili kimepokea kutoka hapo maneno matatu ambayo unayatumia kila siku, na huenda hukuyaweka mezani pamoja: haraka, harakati na taharuki. La kwanza ni mwendo wa mwili na wa kazi. La pili ni mwendo wa watu wengi kuelekea lengo, na kutokana nalo tumepata mwanaharakati. La tatu ni mwendo wa moyo, mtu anapopoteza utulivu. Ni safari ile ile ambayo Kilatini kilisafiri kutoka kuswaga ng'ombe hadi kuhangaisha moyo na kuamsha umma, ila Kiswahili kimezigawa maana hizo katika maneno matatu, ilhali Kiingereza kimezirundika zote juu ya neno moja. Ndiyo sababu kamusi yako inakupa orodha yenye kuchanganya. Kazi yako ni kuuliza kwanza: hapa kinachosukwasukwa ni nini?

Kikiwa ni kimiminika, usihangaike: tikisa, koroga au sukasuka, kutegemea kilichomo na chombo chake. Chupa ya dawa hutikiswa kabla ya kumimina, uji hukorogwa, maji ya kisima yakichanganywa na tope tunasema yametibuliwa. Kikiwa ni moyo wa mtu, hasa neno linapotokea katika umbo la "agitated", andika kwamba ametaharuki, anahangaika au hatulii. Katika maandishi ya hospitali mimi huchagua "hatulii", kwa sababu muuguzi na ndugu wa mgonjwa wanaliona jambo lile lile wanapolisoma, na kwa sababu wasomi wa fasihi wameishaichukua taharuki kuwa ile hali ya msomaji kusubiri kwa hamu kitakachotokea. Kikiwa ni jambo la umma, Kiingereza chenyewe hukupa ishara: baada ya kitenzi huja neno la kuonyesha kinachodaiwa au kinachopingwa. Sentensi yako ina "for", na baada yake "better pay". Ishara hiyo inakuambia kwamba hapa hakuna aliyetikiswa wala aliyekorogwa. Kuna watu waliodai kitu, tena wakadai bila kukoma.

Na "chochea" je? Tazama picha iliyomo ndani ya neno hilo. Mpishi ameinama mbele ya mafiga, moto umeanza kufifia, anazisukuma kuni ndani na kuzigusagusa ili miali ipande. Moto ulikuwapo tayari. Yeye anauongezea ukali. Picha hiyo inakaribiana zaidi na vitenzi vingine vya Kiingereza ambavyo utavikuta katika maandishi ya aina hii. "Instigate" kina mzizi wa kuchoma kwa kitu chenye ncha. "Stimulate" kinatokana na "stimulus", ule mchokoo wa kumchomea ng'ombe wa kulimia. "Foment" ni cha kushangaza: kinatoka kwenye kitambaa cha moto cha kukanda mwili, kwa hiyo mwanzoni kilikuwa tiba kabla ya kuwa fitina. "Provoke" ni kumwita mtu atoke nje, na kwetu "chokoza" kinakijibu vizuri. Usiwape wote hao neno moja la "chochea" kwa sababu tu kamusi ndogo imefanya hivyo.

Isitoshe, uchochezi kwetu ni jina la shtaka. Nchini Kenya kifungu cha 96 cha sheria ya makosa ya jinai kinahusu kuchochea vurugu na uvunjaji wa sheria, na katika magazeti ya Tanzania na ya Kenya anayetajwa pamoja na neno hilo mara nyingi ni mtu aliyesimama kizimbani. Neno likishakaa mahakamani kwa muda mrefu hubaki na harufu ya mahakama hata likitumiwa nje. Mzee wako aliinusa harufu hiyo katika mstari wa kwanza.

Basi uandike nini? Nitakupimia njia zilizopo bila kukuficha upungufu wa kila moja. "Walidai mishahara bora" ni safi na haimwonei mtu, lakini imepoteza kule kusukasuka, kwa sababu mtu anaweza kudai mara moja akaenda zake. "Walishinikiza walipwe mishahara bora" ina nguvu, maana kushinikiza ni kubana kitu hadi kitoe kilichomo, kama ufuta unavyobanwa utoe mafuta. Ila inamtazama zaidi mwajiri anayebanwa, na huonyesha kwamba wanaobana wana uwezo ambao mwanzoni hawa hawakuwa nao. "Walipigania mishahara bora" ni tamu na mzee ataipenda, lakini inawapaka rangi ya ushujaa ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuipaka, nawe umeajiriwa kusema alichosema yeye. "Walihamasisha" haifai, kwa kuwa inadai utaje waliohamasishwa, na sentensi haiwataji. Mimi ningeandika: "Wafanyakazi wa bandari waliendesha harakati za kudai mishahara bora." Na ikiwa aya inayofuata inaeleza mikutano ya mara kwa mara na barua zilizotumwa moja baada ya nyingine, ningesema: "Wafanyakazi wa bandari walidai, na wakaendelea kudai bila kuchoka, mishahara bora." Ya pili ni ndefu, lakini ndani yake unausikia mgongo wa kibuyu ukienda na kurudi.

Kuna mahali pamoja katika kijitabu chako, ikiwa kinahusu Mombasa, ambapo "mchochezi" huenda likawa sahihi kabisa. Januari 1947 ulitokea mgomo mkubwa wa wafanyakazi Mombasa, na kutokana nao Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi Waafrika. Agosti mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka kuishi kizuizini Kabarnet. Maofisa wa aina ile walikuwa wepesi wa kumwita mtu kama huyo "agitator", nao walikusudia ubaya. Mwandishi akinukuu ripoti ya ofisa, mwachie ofisa neno lake: andika "mchochezi", na uliweke ndani ya alama za kunukuu ili msomaji ajue ni nani anayesema. Ukimlainishia ofisa kwa kuandika "mwanaharakati", utakuwa umeifuta dhuluma ambayo kijitabu kimeandikwa ili kuionyesha. Neno moja la Kiingereza basi litapata maneno mawili ya Kiswahili katika kurasa zile zile, na hilo si kosa la ufasiri. Weka maelezo mafupi mwanzoni ukieleza kwa nini umefanya hivyo.

Haya yote yanahusu historia, ambapo una nafasi ya kusahihisha. Mambo hubadilika ikiwa karatasi uliyonayo ni hati ya mashtaka, maelezo ya shahidi polisi, ombi la ukimbizi au taarifa ya nidhamu kazini. Hapo usitegemee jibu langu wala kamusi yoyote. Nenda kwa wakili, au kwa mfasiri aliyeapishwa mahakamani, umwonyeshe sentensi nzima pamoja na zilizoitangulia, kwa sababu tofauti kati ya "alidai" na "alichochea" inaweza kuwa tofauti ya mtu kurudi nyumbani na kutorudi. Vivyo hivyo ukikuta "agitated" katika cheti cha mgonjwa aliye hai, muulize daktari au muuguzi aliyekiandika alimwona mgonjwa akifanya nini hasa, kabla hujachagua neno.

Kwa mzee, nakushauri usimtumie rasimu mpya kwa simu. Nenda nayo mwenyewe, umsomee sentensi mbili nilizokupendekezea, kisha umuulize baba yake na wenzake walikuwa wanasemaje walipokuwa wakikutana: walikuwa "wanadai", "wanapigania", au walikuwa na neno lao la bandarini ambalo mimi na wewe hatujalisikia. Wakiwa nalo, na likiingia katika sentensi bila kuipinda, liandike hilo.